Siku ya Furaha Kuliko Zote: Juu ya Swali Moja na Vitabu vya Maisha katika Kiswahili

Katika vitabu vyetu vya insha kuna kichwa cha habari kimoja kisichozeeka: "Siku ya Furaha Kuliko Zote Maishani Mwangu". Ndugu yake wa tumbo moja ni "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Mwalimu huandika maneno hayo ubaoni, naye mwanafunzi, awe wa Tanga au wa Ujiji, hushika kalamu akaanza na jua lililochomoza, ndege walioimba matawini na upepo mwanana. Hatuna ugomvi na mwalimu huyo. Insha ni zoezi, na zoezi lina haki ya kuwa rahisi. Ugomvi wetu ni juu ya jambo lililotoka darasani likaingia katika hukumu za vitabu. Tumelisikia katika mazungumzo ya wasomi, na tumelisoma zaidi ya mara moja katika tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe: mtu hupewa kitabu cha maisha kilichoandikwa kwa Kiswahili, naye hukiuliza swali lile lile la ubaoni. Iko wapi siku ya furaha kuliko zote? Asipoiona, husema kwamba mwandishi hakuwa na moyo wa kuonyesha, au kwamba nathari ya Kiswahili ya zamani ilijua kuhesabu mizigo na vituo vya safari, lakini haikujua kuingia nafsini mwa mtu. Hukumu hiyo twaona si ya haki, na makala haya yamekusudia kuipima.

Tumechagua kuipimia mahali pamoja, yaani Ujiji na ukingo wa Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo palipotokea siku mojawapo iliyoandikwa mno kuwa siku ya furaha katika habari zote za bara la Afrika, nayo ni siku Stanley alipoonana na Livingstone mwaka 1871. Tena mwandishi wa maneno haya amepata kukaa Kasingirima, kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, akiandika maneno ya wavuvi na ya jikoni, na swali lenyewe alilijaribu huko kwa masikio yake.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo isiyopendelea mtu. Neno "kuliko" tulitumialo kila siku katika kulinganisha ni kitenzi kilichojificha. Lina "ku" ya mahali, lina "li" ya kuwa, na lina "ko" ya kurejesha mahali pale pale. Maana yake ya asili ni "pale palipo". Asemaye kwamba mtumbwi huu ni mrefu kuliko ule, asema kwamba mtumbwi huu ni mrefu, pale ulipo ule. Sifa yenyewe haikubadilika umbo. Lugha yetu haina umbo la sifa lipandalo daraja kama lilivyo katika Kiingereza au katika Kiarabu. Tulicho nacho ni kuviweka vitu viwili mahali pamoja na kuvitazama. Ajabu ni kwamba hata tulipokopa kwa Waarabu neno lao la daraja, tulilishusha ngazini. "Afdhali" kwao ni bora zaidi, au bora kabisa. Kwetu limekuwa neno la kuchagua kati ya njia mbili, na aghalabu zote mbili si nzuri sana.

Basi "siku ya furaha kuliko zote" ni maneno yanayomtaka msemaji azikusanye siku zake zote mahali pamoja azikague. Kwa Kiingereza swali hilo ni jepesi, maana umbo la sifa limekwisha kuifanya kazi nusu. Kwa Kiswahili ni swali zito, na msemaji mzuri huusikia uzito wake hata asipoweza kuueleza.

Kuna na kitenzi chenyewe. Mtu aliyepatwa na furaha sasa hivi hasemi "ninafurahi". Husema "nimefurahi", kama asemavyo nimechoka, nimeshiba, nimekasirika. "Ninafurahi kuwaarifu" ni maneno ya barua na ya jukwaani. Kiambishi "me" chaonyesha hali iliyofikiwa baada ya jambo kupita, na kwa hiyo kitenzi hiki chadai sababu nyuma yake: nimefurahi kukuona, nimefurahi umefika, nimefurahi kwa barua yako. Furaha katika sarufi yetu haijizai yenyewe. Imeletwa, na aliyeileta sharti atajwe au ajulikane.

Na tuyatazame majina. Furaha, raha, heri na bashasha yote yametoka katika Kiarabu, na kila moja lina pake. Raha asili yake ni pumziko. Heri ni wema wa jambo, wala si hisia ya mtu. Siku ya heri ni siku iliyo njema kwa kuanzia kazi, safari au ndoa, hata kama mwenyewe ana huzuni. Lakini maneno yetu yenye asili ya Kibantu katika uwanja huu aghalabu ni ya sauti na ya uso: vigelegele, vifijo, nderemo, kushangilia, kuchangamka, kukunjua uso. Ni mambo yanayosikiwa na jirani na kuonwa na mgeni. Siku kubwa ipitayo nyingine katika lugha hii imekwisha kupewa jina lake zamani, nayo ni sikukuu; walakini sikukuu haina mwenyewe mmoja. Hakuna asemaye "sikukuu yangu" akakusudia jambo lililo moyoni mwake peke yake.

Huko Kasingirima swali lilipata majibu ya namna tatu, na twayataja kwa ajili ya maneno yake, maana hatukwenda kuhesabu watu. Mzee mmoja aliyeacha uvuvi alinijibu kwa swali: "Furaha ya nini, mwalimu? Ya mtoto, ya samaki, au ya kupona?" Kwake furaha zilikuwa za aina mbalimbali, na kuulizwa ipi kubwa kulikuwa kama kuulizwa kipi kirefu zaidi, kamba au usiku. Bibi mmoja alijibu mara moja kwamba ni siku bintiye alipoolewa, na katika maelezo yake yote, yaliyokuwa marefu na yenye majina ya watu wengi na ya vyakula, hakusema "nilifurahi" hata mara moja, alisema "tulifurahi". Nilimwuliza makusudi: wewe mwenyewe je? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mimi si ndiye mama yake?"

Jibu la tatu ndilo lililotufunza zaidi. Mama mmoja muuza dagaa alisema siku yake ni ile ziwa lilipofunguliwa. Msomaji wa mbali huenda asijue kwamba mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo. Kwa mji ulao na kuuza dagaa na migebuka, miezi mitatu si maneno. Mama huyo akaisimulia siku ya kufunguliwa, taa zilivyowashwa tena ziwani, sauti za injini usiku. Kisha akanyamaza, akajisahihisha: "Hapana, ile si furaha. Ile ni kupumua." Katika kamusi zetu tunazozithamini hatujaona kupumua kukiwekwa karibu na furaha. Yafaa kuwekwe. Sehemu kubwa ya kile waandishi wa lugha nyingine wakiitacho furaha kuu ni huko kupumua kwa mama wa Kasingirima, kama tutakavyoona.

Jambo dogo la pembeni kuhusu ukingo huo. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika pwani. Kwa hiyo mbalamwezi, ambayo katika insha za shule ni alama ya furaha isiyokosekana, kwa nyumba ya mvuvi ni majuma ya mkono mtupu, na giza totoro ndilo neema. Tumepata kusoma insha ya mtoto wa ukingo ule ule aliyefungua siku yake ya furaha kwa mwezi uliong'ara juu ya ziwa kama sinia ya fedha. Alama alipata nzuri. Kama baba yake angeisoma, angedhani mwanawe anasimulia habari ya watu wengine. (Na jina Kasingirima lenyewe, pamoja na majina ya kata jirani kama Kasimbu na Katubuka, laanza na "ka" ambayo katika Kiha ni kiambishi cha kudunisha, ilhali Kiswahili sanifu chatumia "ki". Sisemi zaidi juu ya asili ya majina hayo. Nasema tu kwamba sikio la mtoto huyo limelelewa kati ya sarufi mbili, nasi twamwongezea ya tatu ya sinia ya fedha.)

Sasa tuje katika mwaka 1871. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema mwezi wa Oktoba, kwa hesabu yake, akiwa mgonjwa na mnyonge. Tarehe 15 Julai mwaka ule alikuwa ameyaona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, ambako watu wa wafanyabiashara waliwapiga bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua, na wengi wakafa mtoni. Alipofika Ujiji alitumaini kuikuta mali yake. Akaona kwamba Sharifu aliyekabidhiwa ameiuza yote kwa kuamini, au kwa kusingizia, kwamba mwenyewe amekufa. Siku chache baadaye akaingia Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald, na msafara wake ukitokea Bagamoyo, bendera ya Marekani mbele na bunduki zikipigwa hewani kama ilivyokuwa desturi ya misafara ikaribiapo mji.

Habari hiyo yasomwa katika vitabu viwili. Stanley alichapisha chake mwaka 1872. Shajara za mwisho za Livingstone zilitolewa na Horace Waller mwaka 1874. Tukivisoma kwa jicho la uhakiki, jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba siku hiyo mashuhuri haina tarehe moja. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone yaiweka katika siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na hesabu ya siku ilikuwa imewapotea. Jiwe la ukumbusho huko Ujiji limefuata tarehe ya Stanley, kwa kuwa jiwe sharti lichague. Jambo la pili ni kubwa zaidi: Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, ameeleza kwamba katika daftari la safari la Stanley kurasa zilizohusu mkutano huo zimechanwa, naye atia shaka kama salamu ile inayojulikana duniani kote ilitamkwa kweli. Basi hata siku ya furaha kuliko zote iliyo maarufu kupita nyingine katika maandishi juu ya Ujiji ilitengenezwa mezani baadaye, kama insha.

Twasema hivi bila kejeli. Stanley ni mwandishi hodari, na ukurasa wake una jambo la kweli ndani yake. Aeleza kwamba alipomwona yule mzee alitamani awe porini peke yake apate kufanya wazimu wa furaha, kujiuma mkono au kupinduka kichwa chini miguu juu; lakini kwa kuwa Waarabu na watu wa mji walikuwa wakimtazama, alijizuia, akatembea kwa heshima, akavua kofia. Hapo pana mafundisho. Furaha yake yatafuta mahali pasipo na watu. Imejaa ndani, haina pa kutokea, na umati ni kizuizi. Wakati huo huo, mlangoni pa mji, umati wenyewe ulikuwa katika shangwe: watu mamia wakiamkia, bunduki zikilia, wapagazi wakipiga kelele kwa kuwa safari imekwisha na mshahara na chakula viko karibu. Furaha ya aina ya pili ilikuwapo yote, na Stanley ameiandika vizuri kuliko wengi. Ila ameiandika kama pazia lililoning'inia nyuma ya furaha yake mwenyewe. Mhakiki afuataye njia hiyo ndiye atakayepita katika kitabu cha Kiswahili kilichojaa mapokezi na salamu na ngoma, aseme kwamba hakuona furaha.

Livingstone ni tofauti. Yeye akiri kwamba si mtu wa kuonyesha hisia. Anachotuambia ni kwamba hamu ya chakula ilimrudia, na kwamba badala ya milo miwili ya kujilazimisha kwa siku alikula mara nne, na baada ya juma moja akaanza kupata nguvu. Milo miwili, milo minne. Katika ukurasa mzima wa habari ya mkutano ule hatujui kipimo kizuri kuliko hiki, nacho ni kipimo cha hesabu. Hakuna aliyepata kusema kwamba Livingstone hakujua kuingia nafsini mwake kwa kuwa alihesabu milo. Mama wa Kasingirima angeifahamu mara moja: yule mzee alipumua.

Na Susi je? Ndiye aliyekuja mbio kumwambia bwana wake kwamba Mzungu anakuja. Ndiye, kwa maneno ya Stanley mwenyewe, wa kwanza kumwamkia mgeni kwa Kiingereza katikati ya umati. Abdullah Susi wa Shupanga na mwenzake Chuma ndio ambao baada ya Livingstone kufa kwa Chitambo mwaka 1873 waliongoza msafara uliochukua maiti yake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka huo huo walipelekwa Uingereza, na Waller aliwauliza habari za siku za mwisho akaziingiza katika kitabu. Lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Walakini maneno yao yalipitia kalamu ya mtu mwingine katika lugha nyingine, na zaidi yalihusu kifo na safari ya maiti. Juu ya siku ile ya Ujiji, ukurasa wa Susi kwa Kiswahili hatunao, wala wa Bombay aliyekuja na Stanley, na ambaye miaka kumi na mitatu nyuma, Februari 1858, alikuwa amefika ziwa lile lile pamoja na Burton na Speke. Siku iliyotangazwa kuliko zote katika mji wa Waswahili wa bara haina shahidi wa Kiswahili. Tena Ujiji wa wakati ule ulikuwa mji wa pembe na wa watumwa, na katika nyua zake walikuwamo watu ambao mlio wa bunduki za msafara haukuwaletea habari njema yoyote.

Shahidi wa Kiswahili wa zama hizo tuliye naye ni Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikatolewa na Heinrich Brode pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley akazitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Hiki ndicho kitabu kinachohukumiwa mno kwa swali letu. Husemwa kwamba ni kikavu. Kwamba mtu ashinda vita, apata mali isiyohesabika, arudi kwao baada ya miaka mingi, na msomaji haambiwi alijionaje.

Ni kweli kwamba haambiwi kwa namna ya insha. Nathari ya Tippu Tip yaenda kwa "ka": akaenda, akakuta, akasema, wakapigana, wakarudi. Katika mnyororo wa "ka" kila kitendo ni pete sawa na mwenziwe, na furaha ikitajwa hupewa pete moja tu. Lakini msomaji ajuaye lugha haitazami pete hiyo peke yake. Atazama mnyororo ulipopunguza mwendo. Baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867, msimulizi akaa juu ya frasila za pembe na shaba, azihesabu moja moja kama mtu asiyetaka kuondoka ghalani. Hapo ndipo furaha yake ilipo. Si furaha inayotupendeza, maana twajua pembe hizo zilipatikanaje na zilibebwa na nani, naye hatuombi radhi. Lakini kusema haipo ni kutojua kusoma. Livingstone alihesabu milo, Tippu Tip alihesabu frasila, na tofauti iliyopo kati yao ni ya tabia ya mtu, wala haikutoka katika uwezo wa lugha.

Tena kitabu hicho kina siku moja ya furaha iliyosimuliwa kwa urefu, na hata wahakiki wake wakali wameipita bila kusimama, kwa sababu si furaha ya msimulizi. Nayo ni siku ya Utetera. Mkuu mzee Kasongo Rushie alikuwa amepotewa na dada zake, waliochukuliwa mateka zamani. Tippu Tip, akiisha kuipata habari hiyo, akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao, damu iliyopotea na kurudi. Mzee akaamini, akampokea, akamwachia utawala wake. Msimulizi haficha kwamba ukoo ule aliutunga. Basi katika kitabu kinachoitwa kikavu tunaye mtu ambaye kwa haki angejibu swali letu bila kusita, mzee aliyeona jamaa yake amerudi. Na furaha yake yote imesimama juu ya hila ambayo msimulizi ametueleza kwanza, na yeye hakuijua. Hakuna sentensi hata moja ya kutuambia tuhisi nini. Mtungaji wa riwaya angeona fahari kuandika sura kama ile. Tippu Tip aliyekufa Unguja mwaka 1905 huenda hakuona kwamba ameandika jambo la kutisha. Huenda alidhani anasimulia werevu. Hilo halipunguzi uzito wake kwa msomaji.

Shaaban Robert hatuna haja ya kumtetea, ila yafaa kutaja jambo moja. Katika "Maisha Yangu", kilichotoka mwaka 1949, mkewe Amina anapokufa, mwandishi ameweka shairi. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta hisia katika nathari huliruka shairi kama pambo, kisha alalamika kwamba nathari imenyamaza. Imenyamaza kwa sababu kazi imekabidhiwa kwa mwingine. Katika mapokeo yetu shairi ni chombo cha mambo ambayo nathari yaona haya kuyasema mbele za watu, na kitabu cha Shaaban Robert hakigawanyiki katika nathari iliyo habari na ushairi ulio pambo.

James Juma Mbotela twamtaja kwa sababu ya jina la kitabu chake, "Uhuru wa Watumwa", kilichochapwa mwaka 1934. Hapo tungetarajia siku ile iliyo wazi kupita zote: manowari yalikamata jahazi, minyororo yafunguliwa, watu wapelekwa Freretown karibu na Mombasa. Simulizi za waliokolewa baharini zaeleza jambo ambalo mtunga insha asingelibuni. Wengi wao hawakufurahi siku ile. Waliokuwa wamewashika walikuwa wamewaambia kwamba Wazungu hula watu, na manowari ilipowakaribia walilia kwa hofu. Furaha ilikuja baadaye, polepole, ikapewa siku yake na watoto wao waliozaliwa huru na waliojua hadithi inaishaje. Mbotela mwenyewe ni wa kizazi hicho cha pili. Siku ya furaha kuliko zote ilichaguliwa na warithi.

Yamkini msomaji atauliza kama twataka kichwa kile kifutwe ubaoni. Hatutaki. Twataka kisahihishwe kwa sarufi ya lugha ambayo kinaandikwa ndani yake. Mtoto aulizwe: nani alikufurahisha, na kwa jambo gani? Kitenzi cha kufanyiza kitamtafutia mtu na sababu, na jua na ndege wataondoka wenyewe. Huko Kasingirima nilimjaribu kijana mmoja wa sekondari kwa maneno hayo. Aliandika nusu ukurasa juu ya mjomba wake aliyerudi kutoka ng'ambo ya Kongo na gunia la mawese, na mwandiko ulikuwa mbaya, na hakuna ndege aliyeimba.

Na kwa wahakiki kuna kazi ambayo bado haijafanywa vizuri. Ukurasa wa Livingstone wa Ujiji unastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa makini, na atakayeutafsiri atafika mahali ambapo Susi yuaja mbio, asema neno moja, aondoka mbio tena kwenda kumlaki mgeni. Kwa Kiingereza kitendo hicho kimebanwa ndani ya sentensi ambayo mwenyewe ni Livingstone na huzuni yake. Kwa Kiswahili "ka" itakifungua: Susi akaja, akasema, akaondoka. Mfasiri hataweza kuzuia pete hizo tatu zisisimame sawasawa na huzuni ya bwana wake, na itambidi aamue kama neno litakalofuata ni "nikafurahi" au "tukafurahi".